Boliti na nati za stenlesi kwa gari: maswali yanayoulizwa kila siku gereji

Haya maswali nimeyakusanya kwa muda mrefu. Mengine nimeulizwa nikiwa chini ya gari hapa Kibuye, Kisumu, mengine yanaingia kwa simu usiku na picha ya nati imekatwa katikati na neno moja tu, "Fundi??". Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kushika spana mpaka ya fundi mwenyewe. Kama swali lako limejibiwa kwingine nitakutuma huko, sitarudia.

## Mambo ya kwanza

1. Stenlesi ni nini hasa na mbona haishiki kutu?

Ni chuma kama kingine, ila kimechanganywa na kromiamu angalau asilimia 10.5. Hiyo kromiamu ikikutana na hewa inajifanyia ngozi nyembamba sana, huwezi kuiona kwa macho, na hiyo ngozi ndio inazuia kutu. Ukiikwaruza inaota tena yenyewe, bora hewa ifike. Boliti ya kupakwa zinki ni tofauti, pale zinki inakubali kuliwa badala ya chuma, inaliwa inaliwa mpaka iishe, na ikiisha kutu inaingia.

Weka hiyo habari ya ngozi akilini, manake karibu shida zote za stenlesi utakazosoma huko chini zinatoka hapo hapo.

2. Nitajuaje ni stenlesi kweli na sio chuma cha kupakwa kromu?

Tembea na sumaku ndogo mfukoni. Boliti ya kromu sumaku inanasa pa! na haitoki. Stenlesi ya kawaida ya boliti haishikwi, au inashikwa kidogo tu, manake kichwa kinatengenezwa kwa kugongwa chuma kikiwa baridi na kugongwa huko kunaleta usumaku kiasi. Usikatae boliti nzuri eti imevutwa kidogo.

Halafu kuna stenlesi ya aina nyingine inanaswa kabisa, hasa zile skrubu za kujitoboa. Kwa hivyo sumaku ni shahidi tu, hakimu ni maandishi kichwani (swali la 3). Boliti ya kichwa cha spana isiyo na maandishi yoyote mimi naihesabu ni ya kufunga kiti cha plastiki.

3. A2-70 na A4-80 ni nini? Na 8.8 je?

Herufi na namba ya mbele ni aina ya stenlesi. A2 ndio ile watu wa sufuria na masinki wanaita 304, ina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8. A4 ni 316, imeongezwa molibdenamu karibu asilimia 2, inavumilia chumvi zaidi. Namba ya nyuma ni nguvu, 70 maana yake megapaskali 700 (kipimo cha mvuto ambao chuma kinavumilia) ndio ikatike, 80 ni 800.

8.8 na 10.9 ni boliti za chuma cha kawaida kilichopikwa kikawa kigumu, zile tunaita haitensaili. Namba ya kwanza ni nguvu ya kukatika, 8 ni 800 na 10 ni 1000. Namba ya pili inakuambia itaanza kunyooka (kuvutika ikawa ndefu) na kubaki hivyo ikifika wapi, yaani 8.8 ni sehemu 8 kwa 10 ya 800, hiyo ni 640. Boliti za Toyota utakuta namba moja tu kichwani, 4 au 7 au 9 hivi, ni utaratibu wao wenyewe, na namba ikipanda nguvu pia imepanda.

4. Kwa hivyo stenlesi ni ngumu kuliko boliti ya kawaida, si ndio?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi wanaangukia, mtu anaona inang'aa, imegharimu mara kadhaa ya ile nyeusi, anasema hii lazima ni kali. A2-70 inaanza kunyooka kwa 450. 8.8 ya kawaida kabisa ni 640. 10.9 ni 900, yaani mara mbili ya stenlesi yako. Na kuna A2-50 ambayo inanyooka kwa 210, hiyo hata usiilete karibu na gari.

Boliti inafanya kazi kwa kuvutwa kama springi na kubana vitu viwili pamoja. Ikinyooka ikabaki hivyo, haibani tena, na kitu ambacho hakijabanwa kinatikisika mpaka boliti ichoke ikatike. Itakatika ikiwa safi, haina hata tone la kutu, inang'aa vile vile. Mimi kabla sijabadilisha boliti yoyote ile najiuliza, hii ikikatika Ahero huko nikiwa na abiria, nini kinaanguka?

5. Hapa kwetu kweli tunaihitaji? Ziwa si halina chumvi?

Kweli, maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi, sio kama ya Mombasa, na gari inayokaa Kisumu hailiwi vile ya pwani inaliwa. Lakini gari nyingi zinafika hapa zikiwa zimetumika Japani miaka kama saba, manake sheria yetu hairuhusu kuingiza iliyozidi miaka 8, na kule sehemu za theluji barabara zinamwagwa chumvi kila baridi ikija. Ukipewa Fielder imesafishwa juu kama harusi, lala chini uangalie boliti za chini, utajua imetoka sehemu gani ya Japani.

Halafu sisi tuna mvua na tope. Tope ya pamba nyeusi ya Kano ikishika ndani ya madgadi haikauki wiki nzima, na chuma ikikaa na unyevu kila siku itashika kutu tu, chumvi au hakuna. Nakuru ni afadhali kidogo.

## Wapi weka, wapi wacha

6. Ni wapi naweza kuweka stenlesi bila kuogopa?

Popote boliti inashikilia kitu kisianguke na basi. Namba pleti, madgadi na zile plastiki za ndani yake, spleshi gadi ya chini ya injini, bampa (klipu na skrubu zake, sio bimu ya ndani), kava ya timing ya plastiki, kikapu cha betri, klampu za hosi, keria ya juu kama hubebi magunia kumi ya viazi. Klampu za vichwa vya betri pia, pale mvuke wa asidi unakula boliti ya kawaida mpaka inabaki kama kijiti.

Hizi ndio boliti ambazo kwa kawaida zinashika kutu zikakatika ukijaribu kufungua, na ni za M6 nyingi (M ni unene wa boliti kwa milimita), spana namba 10. Ukizibadilisha zote mara moja na kupaka kitu (swali la 13), fundi wa kesho atakuombea.

7. Na wapi nisithubutu?

Breki zote, yaani boliti za kalipa, za breketi yake, na ile boliti yenye tundu inayopitisha oili ya breki. Stiaringi yote. Sasipensheni, kontroli amu, bolijointi, shoku. Mishipi ya usalama na viti. Mauntingi za injini na giaboksi. Boliti za hedi, za konrodi, za flaiwili, hizo ndio kabisa, nyingine zimeundwa zinyooke kwa kipimo fulani na haziguswi na kitu kingine isipokuwa zile za kampuni. Propela shafti pia.

Altaneta watu wanabishana na mimi. Mimi siweki, ile breketi inatikiswa mchana kutwa na belti inavuta.

8. Nati za tairi za stenlesi, zile za kung'aa?

Wacha. Nati ya tairi inafunguliwa na kufungwa mara nyingi, kavu, na kijana wa pancha ana bunduki ya hewa ya kukazia nati, hayo yote matatu ndio stenlesi haipendi (swali la 12). Studi za stenlesi (zile boliti zisizo na kichwa ambazo nati inafungwa juu yake) ndio usizitaje kabisa.

Kitu kingine karibu na hapo: Toyota nyingi ni M12 uzi wa 1.5 (milimita kutoka uzi mmoja hadi mwingine), lakini Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12 uzi wa 1.25. Nati ya moja inaingia kwa nyingine mizunguko miwili hivi halafu inakaza, mtu anasema ni kutu, anaongeza mguu kwa spana. Studi imekufa hapo. Corolla nyingi nati zake zinakazwa Nm 103 (Nm ni kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukaza), haihitaji kuruka juu ya spana.

9. Ekzosi je? Hizo ndio boliti zinaniua.

Hapa inategemea. Flanji ya bomba kwa bomba, chini ya gari, stenlesi ni nzuri sana, na ukiweza weka nati ya shaba juu ya boliti ya stenlesi, hizo mbili haziumani na siku ya kufungua utafungua bila kuwasha gesi. Nati ya nailoki hapana, ile plastiki ndani inakata tamaa karibu digrii 120 na ekzosi inapita hapo kabla hujatoka mjini.

Manifoldi kwa hedi ni hadithi nyingine. Stenlesi ikipata joto inatanuka kuliko chuma cha kawaida, karibu 17 kwa 12 kwa kipimo kile kile, na manifoldi ya kastaini (chuma cha kumiminwa) iko chini zaidi, 10 au 11. Sasa studi inarefuka kuliko kile inachobana, mkazo unapungua gari ikiwa moto, inaanza kupuliza, unasikia tik tik tik asubuhi. Pale rudisha studi na nati za aina ya kampuni.

10. Injini ni ya aluminiamu, nikiweka stenlesi italiwa?

Inaweza, na anayeliwa ni aluminiamu, sio boliti. Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na maji machafu katikati, zinakuwa kama betri ndogo, na mnyonge ndiye analiwa. Unaona ule unga mweupe ukitoa boliti ya nyumba ya thamostati? Ndio huo.

Ukubwa nao unahesabika. Boliti ndogo ya stenlesi kwa kipande kikubwa cha aluminiamu, ulaji ni wa polepole. Kinyume chake, boliti ndogo ya chuma kwa bamba kubwa la stenlesi, hiyo boliti haitaona Krismasi nyingi. Lakini hata ule wa polepole unatokea ndani ya nyuzi, na unga unavimba, boliti inajam. Kwa hivyo rokakava (kifuniko cha juu ya injini) na sampu (bakuli ya oili ya chini) unaweza kuweka stenlesi bora upake, na usikaze kama umekasirika, nyuzi za aluminiamu ndizo zitakufa kwanza.

Na niseme ukweli ambao wauzaji hawasemi, boliti ya zinki ni rafiki wa aluminiamu kuliko stenlesi, manake zinki na aluminiamu ziko karibu kwa nguvu hiyo ya umeme. Kama ya zamani ilikuwa zinki na imekaa miaka kumi, weka zinki tena.

11. Nina lori ya miwa / pikapu ya samaki / boda. Je?

Trela za miwa za Muhoroni na Chemelil, yu-boliti za springi na kila kitu cha kuvuta ni haitensaili tu, swali la 7. Mbao za bodi weka stenlesi ukitaka.

Pikapu ya kubeba mbuta na barafu ndio mteja wa kweli wa stenlesi. Yale maji ya barafu na damu ya samaki yanashuka kwa bodi usiku kucha. Sanduku lenyewe, bawaba, kufuli, funga na A4, itakulipa. Ila boliti zinazoshika sanduku kwa chesisi ziwe haitensaili za kupakwa zinki.

Boda: madgadi, namba, kava ya cheni, kioo, sawa. Boliti za diski, sproketi na ekseli ya nyuma, usiguse.

## Kufunga

12. Nati ilijam nikiwa bado nafunga, haiendi mbele wala nyuma. Na ilikuwa mpya!

Karibu kwa chama. Mimi yangu ilikuwa kwa Probox, flanji ya ekzosi, boliti mpya nati mpya, nikasema leo sitaki mchezo nikachukua bunduki ya hewa, ikaenda trrr halafu ikasimama, imebaki kama milimita tano. Nikarudisha nyuma, wapi. Ilitoka na grainda, na mteja amekaa pale kwa kiti anaangalia.

Kilichotokea ni ile ngozi ya swali la 1. Nyuzi zikisuguana kwa nguvu na kasi, ngozi inatoka, na katikati ya nyuzi zilizobanana hewa haifiki ya kuiotesha tena. Sasa ni chuma kitupu juu ya chuma kitupu cha aina moja, vinashikana kama vimechomelewa. Ukilazimisha unaongeza tu.

Dawa ni kuzuia. Zungusha kwa mkono, polepole. Safisha nyuzi, punje moja ya mchanga inatosha kuanzisha. Paka kitu. Usitumie bunduki. Ukisikia inaanza kuwa nzito kabla haijafika, simama, ngoja ipoe, rudisha robo, ongeza oili. Na ukiweza boliti na nati zisiwe stenlesi ya aina moja, A2 kwa A4, au nati ya shaba kama ya swali la 9.

13. Nipake nini? Grisi ya kawaida inatosha?

Kwa namba pleti grisi yoyote ni sawa, hata oili iliyobaki kwa chupa. Kwa joto hapana, grisi inaungua inabaki makaa. Kuna ile pasta ya kuzuia kujam, inauzwa ya shaba na ya nikeli. Ya nikeli ndio ya stenlesi na ekzosi. Ya shaba ni nzuri kwa chuma, lakini kwa aluminiamu naiepuka, manake unaongeza metali ya tatu kwa ugomvi wa swali la 10. Kidogo tu, kwa nyuzi, usipake kama mkate. WD-40 ni ya kulegeza, ikikauka hakibaki kitu cha maana.

14. Torki nifunge ngapi? Kitabu kinasema ya boliti ya kampuni.

Usifuate ile ya kitabu kama umeweka stenlesi. Boliti ya M8 ya 8.8 kavu inafungwa karibu Nm 25, A2-70 ya ukubwa huo huo iko karibu 17. M6 ni kama 10 dhidi ya 7. Ukichukua 450 ukagawa kwa 640 unapata 0.7, ndio hesabu yenyewe. Na ukipaka pasta inateleza zaidi, kwa hivyo nguvu ile ile ya mkono inavuta boliti zaidi, punguza tena kidogo.

Na kama kazi yenyewe inataka Nm 25 za ukweli ndio isilegee, basi umejibiwa, hapo si mahali pa stenlesi.

15. Nilinunua hadwea, M10 kama ya zamani, inaingia nusu inakataa.

Ni uzi. Hadwea wanauza uzi mnene, M10 wa 1.5, M12 wa 1.75. Gari za Japani kwa M10 na M12 zinapenda uzi mwembamba wa 1.25. M6 na M8 kwa kawaida hazina shida, 1.0 na 1.25 pande zote. Beba boliti ya zamani, ilaze kando ya mpya nyuzi kwa nyuzi juu ya mwanga, zikikaa bila nafasi ni moja.

Utashangaa pia spana imebadilika, M8 ya kijapani ni 12, ya hadwea ni 13. Hiyo haina neno, ila kama kichwa kinakaa kwa shimo la soketi nyembamba, pima kwanza.

## Zikileta shida

16. Nimeweka stenlesi na imeshika kutu. Niliuziwa uongo?

Labda, rudi swali la 2. Lakini hata ya ukweli inaweza. Kawaida ni unga wa chuma kingine, umekata bomba na grainda kando yake, au umeisugua na brashi ya waya ya chuma, zile chembe zinaganda juu na kushika kutu zenyewe. Inafutika. Nyingine ni chini ya tope au washa ambako hewa haifiki, ngozi haioti. Na wale mnaoosha gari na Jik, wacheni, klorini inatoboa hiyo ngozi vishimo vidogo vidogo.

17. Boliti iko sawa lakini bodi inashika kutu kuizunguka.

Ulikwaruza rangi ukiweka. Paka rangi kwa shimo, weka washa ya plastiki chini ya kichwa, umalize na grisi.

18. Imekatikia ndani. Drili inazunguka tu, inalia, haili.

Umeshaifanya ngumu. Stenlesi ukiisugua bila kuikata inakuwa ngumu zaidi pale juu, na drili butu kwa kasi ndio njia ya kuifanya ishinde hata drili yenyewe. Nunua biti ya kobalti, mpya, piga senta katikati kabisa, kasi ya chini, sukuma kwa nguvu ili itoe nyama (vipande vya chuma) wakati wote, oili ya kutosha. Ikiacha kutoa nyama, simama, noa au badilisha.

Kama kipande kimechomoza hata kidogo, wacha drili, chomelea nati juu yake ngoja ipoe kidogo uzungushe. Hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko biti.

19. Gundi ya nyuzi haikauki kwa stenlesi.

Inakauka polepole sana. Ile gundi inahitaji chuma chenye kuitikia ndio ianze kushika, na ngozi ya stenlesi haiitikii. Kuna spreyi yake ya kuanzisha, tumia hiyo, au funga jioni gari itembee kesho.

20. Naweza kufunga waya ya ethi (ile ya kurudisha umeme kwa bodi) na boliti ya stenlesi?

Ndio, ila jua boliti hiyo inapitisha umeme vibaya. Umeme upite kwa kichwa cha waya kikigusa bodi moja kwa moja, kwa hivyo kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, bana, ndio upake grisi juu. Usiweke washa ya stenlesi katikati ya waya na bodi, hapo ndipo gari inaanza kukataa kuwaka asubuhi na kila mtu anashuku stata.

21. Fundi ameshaniwekea stenlesi kwa breketi ya kalipa na nimetembea nayo miezi mitatu, haijasumbua. Niiache?

Hapana mzee wangu. Miezi mitatu inaonyesha haijakatika bado. Nunua za kampuni, au toa za gari ya spea kama nyuzi ni safi na hazijapinda, soma namba kichwani iwe sawa na ya zamani, badilisha pande zote mbili, funga na torki renchi. Zile za stenlesi usitupe, zikague, ukiona shingo imekuwa nyembamba mahali ujue ilikuwa imeanza kunyooka, hiyo ni ya takataka. Zikiwa nzima zitafunga namba pleti.